Namna ya kupanga kwa msimbo hatua za kuchukuliwa paipulaini inapokwama katikati ya kupandisha toleo

Mkazi wa Nkuhungu ameuliza:

Mbukwenyi ndugu zangu, na poleni na kazi.

Naomba msaada wenu katika jambo ambalo limetugawa hapa kwetu Dodoma. Sisi ni kikundi kidogo cha waandishi wa programu, na kazi yetu kubwa kwa sasa ni mfumo wa mizani wa chama kimoja cha ushirika cha wakulima wa zabibu. Mkulima analeta kreti zake kituoni, karani anapima, mfumo unatunza uzito na daraja la zabibu, mkulima anapokea stakabadhi kwa ujumbe wa simu, na baadaye malipo yake yanakokotolewa kutokana na kumbukumbu hizo hizo. Wakati wa mavuno vituo vya upande wa Hombolo na Mpunguzi vinaanza kazi asubuhi na mapema, na zabibu ikishachumwa haiwezi kukaa juani ikitusubiri sisi tupatane.

Tunatumia GitLab, huduma ya kutunza msimbo ambayo pia huendesha hatua za kazi zenyewe kwa mfuatano (mfuatano huo ndio tunauita paipulaini), na hatua zote zimeandikwa kwenye faili la `.gitlab-ci.yml`: kujenga taswira ya kontena, yaani kifurushi cha programu pamoja na vyote inavyohitaji ili iendeshwe, kuendesha majaribio, kubadili muundo wa kanzidata, kupandisha toleo kwenye seva mbili za uzalishaji, yaani zile makarani wanazozitumia, moja baada ya nyingine, kisha kukagua kama mfumo unaitika. Mambo yakienda sawa hatuna la kulalamikia. Yakienda kombo, faili hilo halina neno hata moja la kusema nini kifanyike.

Hivi karibuni mawasiliano kati ya mashine inayoendesha kazi na seva ya pili yalikatika katikati ya upandishaji. Seva ya kwanza ilikwisha kupata toleo jipya, ya pili ilibaki na la zamani, na safu ya kanzidata inayotunza daraja la zabibu ilikwisha kubadilishwa jina. Karani ambaye maombi yake yalielekezwa seva ya kwanza alipima bila shida, na yule wa seva ya pili alipata kosa kila alipobonyeza kuhifadhi. Kazi yenyewe kwenye GitLab ilionekana bado inaendelea mpaka ukomo wa saa moja ulipofika. Ujumbe wa kututaarifu haukutumwa, kwa sababu umeandikwa kuwa mstari wa mwisho wa skripti na skripti haikufika huko. Sehemu yenyewe ni hii:

```
pandisha:
  stage: pandisha
  script:
    - ssh seva-a /opt/mizani/weka latest
    - ssh seva-b /opt/mizani/weka latest
    - curl https://mfumo.mfano/afya || true
    - ./zana/toa_taarifa.sh "Toleo limepanda"
```

Mwenzetu mmoja anasema kila kazi ijaribiwe tena mara kadhaa, kwa kuwa hitilafu nyingi za hapa kwetu ni za mtandao na umeme, nazo hupita. Mwingine anataka paipulaini irudishe toleo la zamani yenyewe kila inapofeli, bila kumsubiri mtu. Wa tatu anashikilia kwamba mashine isiamue lolote. Isimame, na mtu aamshwe. Mimi naona kila mmoja ana sehemu ya haki, ila sijui mpaka kati ya sehemu hizo uko wapi, wala namna ya kuuandika kwenye msimbo badala ya kuuacha vichwani mwetu. Naomba mwenye uzoefu atuonyeshe njia.

---

Mwendesha Mifumo, Mtumba amejibu:

Ndugu yangu wa Nkuhungu, asante kwa kuweka msimbo wenyewe mezani, kwa maana unasema mengi kuliko maelezo.

Nianze na mpaka unaoutafuta. Kabla hujaamua kama utajaribu tena, utarudisha nyuma au utasimama, jiulize kazi iliyofeli ilikuwa imegusa nini. Kazi ya kujenga taswira na ya kuendesha majaribio hazigusi uzalishaji. Zikifeli, hakuna karani wala mkulima anayejua. Hizo zijaribiwe tena bila hofu, lakini kwa sababu zinazoeleweka tu. GitLab inakuruhusu kujaribu tena mara mbili, haizidi hapo, na inakuruhusu kutaja sababu. Andika `retry` yenye `max: 2`, na kwenye `when` taja `runner_system_failure` na `stuck_or_timeout_failure`. Usiweke `script_failure`. Jaribio lililofeli kwa sababu hesabu ya uzito imekosewa litafeli tena na tena, na likifaulu mara ya tatu ndipo pabaya zaidi, kwa kuwa utakuwa umepitisha kitu kisichotabirika na kukiita kizima.

Kazi ya kupandisha ni habari nyingine kabisa. Hapo `retry` ya GitLab iondoe, kwa sababu GitLab haijui seva yako iliachwa katika hali gani. Inachojua ni kuanza upya kutoka mstari wa kwanza. Maamuzi ya hapo yanapaswa kukaa ndani ya skripti yako mwenyewe, ambayo inaweza kuiuliza seva.

Jambo ambalo watu wengi hulipita haraka ni hili: amri ya mbali haina matokeo mawili, ina matatu. Inaweza kufaulu, inaweza kufeli, au inaweza kuwa haijulikani. `ssh`, zana ya kuendesha amri kwenye seva ya mbali, inapokatika njiani huacha namba 255, na namba hiyo haikuambii kama amri iliyokuwa ikiendeshwa upande wa pili ilimalizika, iliishia nusu, au haikuanza. Kadhalika `timeout` ya Linux huacha namba 124 inapokata amri iliyochelewa, lakini kilichokatwa ni `ssh` ya upande wako. Kazi ya upande wa seva inaweza kuwa inaendelea. Mtu akichanganya hali isiyojulikana na kufeli, ataanza kurudisha toleo la zamani huku toleo jipya bado linajisimika. Ndiyo maana mimi huandika hivi:

```
set -Eeuo pipefail
hali=0
timeout 180 ssh -o ConnectTimeout=10 -o ServerAliveInterval=15 \
  "$seva" /opt/mizani/weka "$toleo" || hali=$?

case "$hali" in
  0)       kagua_afya "$seva" "$toleo" ;;
  124|255) uliza_seva "$seva" "$toleo" ;;
  *)       rudisha "$seva" "$zamani"; exit 1 ;;
esac
```

`ServerAliveInterval=15` inaifanya `ssh` iulizie uhai wa upande wa pili kila baada ya sekunde 15, na kwa kawaida ikikosa majibu matatu mfululizo inakata yenyewe. Kwa hiyo badala ya kukaa saa nzima ukitazama kazi inayoonekana iko hai, utajua ndani ya dakika moja hivi kwamba njia imekatika. `uliza_seva` nayo iunganishe upya, isome toleo linaloendeshwa kweli kwenye kontena, na ndipo iamue. Ikikuta toleo jipya limesimama, inaendelea na ukaguzi. Ikikuta la zamani, inaruhusiwa kurudia `weka`, ilimradi `weka` imeandikwa kwa namna ambayo kuiendesha mara mbili hakuleti tofauti na kuiendesha mara moja. Isipoipata seva kabisa, isimame na kupiga kelele.

Angalia pia ile `exit 1` baada ya `rudisha`. Kurudisha nyuma kukifanikiwa, paipulaini bado inapaswa kuwa nyekundu. Nimeona sehemu ambako kurudisha kulifanikiwa, kazi ikaonyesha kijani, na wahusika wakaendelea kwa muda wakiamini kwamba marekebisho yao yako hewani.

Kuhusu `curl` yako, kasoro ziko mbili katika mstari mmoja. `|| true` inameza kila kosa, hilo umeliona. Lakini hata ukiiondoa, `curl` bila `--fail` humaliza kwa 0 hata seva inapojibu 500, kwa sababu kwa mtazamo wake jibu limepatikana. Weka `--fail`, weka `--max-time`, na ukurasa wa afya urudishe namba ya toleo ili ukaguzi ulinganishe, kwa maana seva yenye toleo la zamani nayo itajibu kwamba ni nzima. Tena ukaguzi uende kwa kila seva kwa anwani yake. Ukipitia anwani ya pamoja, seva nzima inaweza kumsitiri mwenzake mgonjwa.

Mwisho kwa leo, acheni kutumia `latest`, ile alama inayomaanisha tu toleo la karibuni kabisa. Toleo lisilo na jina lake haliwezi kurudishwa. Tumieni alama ya komiti (badiliko moja la msimbo lililohifadhiwa), ile iliyomo kwenye `$CI_COMMIT_SHORT_SHA`, na kila seva itunze jina la toleo lililopo na lililotangulia.

---

Mwalimu wa Iyumbu amejibu:

Nakubaliana na ndugu wa Mtumba karibu katika yote, hasa aliposema kwamba kutojua si sawa na kufeli. Ningependa kuongeza tahadhari juu ya kurudisha nyuma, kwa kuwa naona wanafunzi wangu wanaichukulia kama dawa isiyo na madhara.

Wapo waliolipia somo hili kwa gharama kubwa, na taarifa zake ziko wazi. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Marekani ya Knight Capital ilipandisha msimbo mpya wa kutuma maagizo ya hisa kwenye seva 8. Fundi hakuufikisha kwenye seva moja, na hakuna hatua iliyokagua kama zote 8 zinalingana. Seva ile iliyobaki nyuma ilikuwa bado na msimbo wa zamani uliokwisha kuachwa kutumika, na alama iliyotumiwa upya na msimbo mpya ikauamsha. Kwa muda wa dakika 45 hivi kampuni ilituma mamilioni ya maagizo sokoni, na hasara ilizidi dola milioni 460. Sehemu inayotuhusu hapa ni kwamba, wakihangaika kutafuta chanzo, waliondoa msimbo mpya kwenye zile seva 7 zilizokuwa sawa. Kwa kufanya hivyo waliziweka zote katika hali ya ile moja mbovu, na tatizo likakua. Yaani walirudisha nyuma kabla ya kujua toleo lipi ndilo lenye kasoro, na huku maagizo yanayoingia yamekwisha badilika kufuata toleo jipya.

Kwa hiyo kurudisha nyuma bila kumsubiri mtu ni salama pale tu mambo mawili yanapokuwa kweli kwa pamoja: toleo lililotangulia linajulikana kuwa zima, na data iliyopo sasa bado inasomeka na toleo hilo. Kwenu sharti la pili lilivunjika pale mlipobadili jina la safu. Hata kama paipulaini ingekuwa na `rudisha` nzuri kuliko zote, toleo la zamani lingerudi na kukuta safu linayoijua haipo.

Dawa ya hili haiko kwenye YAML, lugha ya lile faili la `.gitlab-ci.yml`. Iko kwenye namna ya kupanga mabadiliko ya kanzidata ili kila badiliko livumilie matoleo mawili yanayopakana. Badala ya kubadili jina la safu kwa mkupuo mmoja, toleo la kwanza liongeze safu mpya na kuandika kwenye zote mbili huku likisoma ile ya zamani. Kisha jazeni safu mpya kwa kumbukumbu za nyuma. Toleo linalofuata lisome safu mpya, lakini liendelee kuandika kote kuwili. Baada ya hapo, pale tu mtakapokuwa na hakika kwamba hamtarudi nyuma tena, ndipo toleo jingine liache kuandika kwenye safu ya zamani, na safu hiyo iondolewe na toleo linalofuata, peke yake. Ni kazi ndefu zaidi, na mwenye haraka ataiona ni usumbufu, lakini inawapa kitu ambacho hakuna maandishi ya `.gitlab-ci.yml` yanayoweza kuwapa: katika kila hatua, seva moja ikiwa mbele na nyingine nyuma, makarani wote wawili wanaendelea kupima.

Naomba pia utueleze mnatumia kanzidata ipi, maana jibu linabadilika.

---

Mkazi wa Nkuhungu amejibu:

Mwalimu, na ndugu wa Mtumba, nawashukuru sana. Kanzidata yetu ni MySQL. Faili la mabadiliko lililokuwa likiendeshwa siku ile lilikuwa na amri kadhaa kwa mfuatano, na mimi nilitarajia kwamba moja ikifeli zote zitafutika kama muamala mmoja.

Nina swali jingine linalotokana na maelezo yenu. Seva inapobadilishiwa kontena, kuna maombi ambayo yamo katikati: karani amebonyeza kuhifadhi, uzito umeandikwa, lakini ujumbe wa stakabadhi haujatumwa. Je, hili nalo lipangwe ndani ya paipulaini, au ni la programu yenyewe?

---

Mwalimu wa Iyumbu amejibu:

Kwa MySQL matarajio hayo hayatimii. Kila amri ya kubadili muundo, kama `ALTER TABLE`, hufunga na kuthibitisha muamala uliopo bila kuulizwa, kwa hiyo amri ya tatu ikifeli, mbili za mwanzo zimekwisha kaa. PostgreSQL inaruhusu amri nyingi za namna hiyo ndani ya muamala mmoja, ingawa nayo ina zinazokataa, kama vile `CREATE INDEX CONCURRENTLY`. Kwenu basi faili moja la mabadiliko libebe amri moja ya muundo, na zana yenu iandike baada ya kila faili kwamba limepita. Kazi hiyo ikifeli, paipulaini isirudishe kitu. Isimame kabla ya kugusa seva. Kwa kuwa mmeongeza tu bila kuondoa, toleo la zamani litaendelea kufanya kazi kama kawaida na mtapata nafasi ya kutazama kwa utulivu.

Kuhusu maombi yaliyo katikati, nusu ni ya programu na nusu ni ya paipulaini. Docker, programu inayoendesha kontena, inaposimamisha kontena huipelekea kwanza ishara ya kuiomba imalize, huisubiri sekunde 10 kwa kawaida yake, kisha huiua. Ukiona namba 137 kwenye kumbukumbu, kontena haikuaga, iliuliwa. Programu yenu iisikie ishara ya kwanza, iache kupokea maombi mapya na kumaliza yaliyomo, nanyi mwongeze `stop_grace_period` (muda huo wa kusubiri) kama sekunde 10 hazitoshi. Upande wa stakabadhi, kila upimaji uwe na namba yake ya kipekee na ujumbe utumwe kutoka kwenye orodha iliyohifadhiwa ndani ya kanzidata, ili kuanza upya kusimnyime mkulima stakabadhi wala kumpelekea mbili.

---

Binti wa Singida amejibu:

Habari zenu kaka zangu. Nimesoma yote, na naona suala la taarifa limepitiwa juu juu wakati kwa maoni yangu ndilo lililowaumiza zaidi. Karani wa kituo alijua kwamba mfumo umeharibika kabla yenu.

GitLab inayo `after_script`, ambayo huendeshwa hata sehemu ya `script` ikifeli, na ndani yake unaweza kusoma `$CI_JOB_STATUS` ili kujua kama kazi imefaulu au la. Hamishieni taarifa huko badala ya mstari wa mwisho. Lakini mjue mipaka yake. Inaendeshwa kwenye ganda (shell) jingine, kwa hiyo vigezo mlivyoviweka ndani ya `script` havionekani huko. Kufeli kwake hakuigeuzi kazi kuwa nyekundu. Na kazi ikikatwa na ukomo wa muda wa jumla, msiitegemee. Ndiyo maana ile `timeout 180` ya ndani ya skripti ina thamani kubwa: inaacha muda wa kutosha kwa mengine kufanyika kabla ya ukomo wa nje kufika. Wekeni ukomo wa nje wa kazi hiyo, tuseme dakika 20, ambao jumla ya vikomo vya ndani haiufikii.

Ipo pia njia ya kuandika kazi nyingine yenye `when: on_failure`, nayo ni nzuri, ila ina mtego. Kazi yenye `allow_failure: true` ikifeli, GitLab inaihesabu kuwa imefaulu, kwa hiyo kazi yenu ya dharura haitaamka. Kama mmeweka `allow_failure` mahali popote karibu na upandishaji kwa ajili ya kupunguza usumbufu, iondoeni.

Juu ya hayo yote, taarifa inayotumwa na mashine ile ile iliyopata ajali haitoshi. Umeme ukikatika mahali ilipo, inakufa na taarifa yake. Sisi tunafanya kinyume chake: paipulaini inapoanza kupandisha, inaiandikia mashine ndogo iliyo mahali pengine kwamba imeanza, ikimaliza, inaandika kwamba imemaliza. Neno la kumaliza lisipofika ndani ya dakika 25, mashine ile ndogo inatuma ujumbe wa simu kwa aliye zamu. Ukimya wenyewe unakuwa taarifa. Hata GitLab wenyewe walipata pigo la aina hii. Tarehe 31 Januari 2017 data ya kanzidata yao kuu ilifutwa kwa amri iliyoendeshwa kwenye seva isiyo sahihi, na walipotafuta nakala za akiba wakakuta zilikuwa zikifeli kwa sababu `pg_dump` (zana ya kutoa nakala ya kanzidata) iliyotumika ilikuwa ya PostgreSQL 9.2 na kanzidata ilikuwa 9.6. Barua pepe za kuonya zilikuwa zikitumwa, lakini zilikataliwa njiani kwa kukosa uthibitisho wa mtumaji, na hakuna aliyeziona. Nakala iliyowaokoa ilikuwa ya saa 6 nyuma.

Ombi langu la mwisho kwenu ni kwamba njia za kufeli zijaribiwe kwa makusudi kwenye mazingira ya majaribio, kabla msimu haujashika kasi. Zuieni mawasiliano ya seva ya pili kwa `iptables`, zana ya Linux ya kuzuia mtandao, katikati ya `weka`. Fanyeni ukurasa wa afya urudishe 500. Jazeni diski ya seva ili taswira ikose pa kukaa. Kila mara mtazame mambo matatu: paipulaini iliamua nini, seva ziliishia na toleo gani, na nani alipata ujumbe. Msimbo wa `rudisha` ambao haujawahi kuendeshwa ni msimbo usiojaribiwa kama mwingine wowote, tena huu utaitwa siku ambayo kila mtu ana presha.

---

Mfanyabiashara wa Kibaigwa amejibu:

Nitaongeza machache, nikiwa mtu anayeendesha mfumo wa maghala ya mahindi kwa vifaa vya kawaida sana.

Maamuzi yote mliyoyajadili yawekwe kwenye skripti ndani ya hazina ya msimbo, na YAML ibaki kuiita tu. Siku intaneti ya kwenda GitLab ikikatika, mnatakiwa muweze kukaa mbele ya seva na kuandika `./zana/rudisha.sh seva-b` kwa mkono, na kitokee kile kile ambacho paipulaini ingefanya. Maamuzi yakiwa yametawanyika kwenye `rules` na `when`, siku hiyo hamna kitu.

Pili, angalieni usafi wa diski. Watu huweka `docker image prune -a` mwishoni mwa upandishaji ili kuokoa nafasi, na amri hiyo huondoa kila taswira isiyotumiwa na kontena yoyote, ikiwemo ile ya toleo lililotangulia. Kurudisha nyuma kunageuka kuwa kupakua upya, na kwa mtandao wa vijijini hiyo ni nusu saa ya makarani kuandika kwenye daftari. Bakizeni matoleo mawili ya nyuma kwenye kila seva.

Tatu, kuna mtego wa Bash, lugha ya skripti hizi, ambao msimbo wa ndugu wa Mtumba unaukaribia. Mtu akiandika kazi nzima ndani ya utaratibu mmoja kisha akauita kwa `pandisha || rudisha`, ile `set -e`, inayosimamisha skripti amri inapofeli, inazimika ndani ya `pandisha` yote. Amri ya kwanza ikifeli, zinazofuata zinaendelea, na ya mwisho ikifaulu, `rudisha` haiitwi kamwe. Shikeni namba ya kila amri ya hatari peke yake, kama alivyofanya yeye kwa ile `ssh`, msiifunge kazi nzima ndani ya sharti moja. Na mkipitisha matokeo kwa `tee`, inayoyaandika kwenye faili huku ikiyaonyesha, ili kuyatunza, hakikisheni `pipefail` ipo, la sivyo namba mtakayoipata ni ya `tee`.

---

Mkazi wa Nkuhungu amejibu:

Nimewasomea wenzangu majibu haya yote, na ubishi wetu umekwisha, kwa kuwa kila mmoja ameona mahali ambapo hoja yake inafaa. Kujaribu tena kutabaki kwenye ujenzi na majaribio. Kurudisha nyuma kutafanywa na skripti pale tu kosa linapokuwa dhahiri na kanzidata imeongezewa bila kuondolewa kitu. Kazi ya kanzidata ikifeli, au seva isipopatikana kabisa, paipulaini itasimama na mtu wa zamu ataamshwa na ile mashine ya pembeni, ambayo tumeamua kuiweka kwa mwenzetu anayekaa Kisasa.

Limebaki jambo moja. Tukiruhusu `rudisha.sh` iendeshwe kwa mkono, nini kitazuia mtu asiiendeshe huku paipulaini nayo inapandisha?

---

Mwendesha Mifumo, Mtumba amejibu:

Swali zuri, na linahitaji kufuli mbili. Kwenye GitLab weka `resource_group: uzalishaji` kwenye kazi ya kupandisha, ili paipulaini mbili zisiingie kwa pamoja, na `interruptible: false` ili komiti mpya isiikate iliyo njiani. Lakini kufuli hiyo haimwoni mtu aliye mbele ya seva, kwa hiyo ya pili iwe kwenye seva yenyewe. `weka` na `rudisha` zote zipite kwenye `flock -n -E 75 /var/lock/mizani.lock`, zana ya Linux inayoshika kufuli kwenye faili. Mwenye kufuli akifa, hata kwa kuuliwa, mfumo wa uendeshaji unaiachia wenyewe, kwa hiyo hutabaki na faili la kizuizi lisilo na mwenyewe. Anayefika wa pili anapata namba 75 papo hapo. Iongeze 75 kwenye ile `case`, karibu na 124 na 255, na iwe na maana ya kusimama na kutaja kwamba kuna mwingine kazini. Isiangukie kwenye `*`, kwa sababu hapo skripti ingejaribu kurudisha toleo juu ya kazi ya mtu aliyeko seva.

Nakubaliana pia na ndugu wa Kibaigwa kuhusu `pandisha || rudisha`. Kama `kagua_afya` yako ina amri zaidi ya moja, usiiite ndani ya `if`. Ifanye skripti inayojitegemea yenye `set -e` yake, na usome namba yake ikimaliza.